Anayekwenda Porini Peke Yake
Mhadhara uliotolewa mbele ya vijana na wazazi, Lac Vert, Goma



Asubuhi isiyo na ukungu, mtu akisimama juu ya Lac Vert na kutazama kaskazini mashariki, anaiona Nyiragongo na moshi wake. Akisogeza macho mkono wa kulia, mbali zaidi, anauona Mikeno uliochongoka, na jirani yake Karisimbi. Kati ya milima hiyo miwili, kwenye kimo cha mita 3,100 hivi, pana uwanja wa nyasi uitwao Kabara. Huko baridi haiondoki, mvua haiulizi msimu, na anayeishiwa na chumvi sharti ashuke hadi Kibumba. Leo nataka tuulizane: kwa nini mtu mwenye afya, elimu, kazi na kitanda kizuri anaviacha vyote akaenda kuishi mahali kama Kabara?

Najua swali hili linaingia vibaya masikioni mwa watu wa hapa. Ardhi hii tunayoikalia imebeba mahema mara nyingi mno. Mwaka 1994 ilibeba wakimbizi kutoka Rwanda. Baadaye ikabeba ndugu zetu kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, mwaka baada ya mwaka. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, yakaua watu waliokwisha kukimbia kifo mara ya kwanza na ya pili. Mapema mwaka 2025 kambi zikavunjwa, na waliokuwa chini ya turubai wakaambiwa warudi walikotoka, wapate nyumba wasipate. Mama aliyepika juu ya makoro, haya mawe ya volkano, miaka miwili, mvua ikimwagikia chunguni, hana haja ya kuambiwa habari za uzuri wa kulala nje. Kwa hiyo nianze kwa kutenganisha mambo. Aliyefukuzwa nyumbani kwake na aliyetoka kwa hiari yake si ndugu, hata kama wote wawili wanalala hemani. Nitakayemzungumzia ni huyu wa pili, na kila nitakapomsifu nataka mkumbuke kwamba simsahau yule wa kwanza.

Tena hapa kwetu, mzazi akiambiwa mwanawe ameingia porini, moyo humlipuka. Haulizi kama amekwenda kutazama ndege. Anauliza amejiunga na kundi gani, au nani amemroga. Hofu hiyo ina historia yake, wala sitaicheka.

Sasa turudi Kabara. Mwezi Januari 1967 alipanda huko mwanamke Mmarekani aitwaye Dian Fossey, akiwa anatimiza miaka 35 mwezi huohuo. Kwao, mjini Louisville katika jimbo la Kentucky, alikuwa mtumishi wa hospitali ya watoto, kazi yake kuwasaidia watoto wenye ulemavu wajifunze kutumia mikono na miili yao katika shughuli za kila siku. Alikaa katika nyumba ndogo shambani, pamoja na mbwa wake. Ilikuwa kazi yenye heshima, na watoto walimpenda. Mwaka 1963 alikopa benki fedha nyingi kuliko uwezo wake ili aione Afrika, na katika safari hiyo alifika Kabara kwa mara ya kwanza. Kabla ya kuwaona gorila aliwanusa, kisha akasikia vishindo vya kifua, kisha nyuso nyeusi zikachungulia kutoka majanini. Akarudi Kentucky kulipa deni. Lakini tangu siku ile alikuwa mtu aliyeacha kitu mlimani.

Miaka mitatu baadaye mtafiti Louis Leakey, yule wa makumbusho ya Nairobi, alifika Louisville kutoa mhadhara. Fossey akamfuata. Leakey akamwambia kwamba atakayekwenda kuishi mlimani mbali na daktari ni vizuri akatwe kidole tumbo kabla ya safari. Fossey akaenda hospitali akakatwa, akiwa mzima. Leakey akamwandikia baadaye kwamba haikuwa lazima kabisa, alitaka tu kupima nia yake. Mimi sioni uzuri wowote katika mtihani wa namna hiyo. Mzee hapaswi kupima nia ya kijana kwa kisu. Ila jibu la yule mwanamke linatuonyesha kwamba uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika zamani, na kilichobaki kilikuwa ni kutafuta njia tu.

Nataka tuitazame kwa karibu siku moja ya maisha yake Kabara, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu nilichokuja kusema. Mpiga picha Alan Root alimsaidia kusimamisha hema na kuchimba mfereji wa kuzuia maji ya mvua, akakaa naye siku chache, kisha akaaga. Alipopotelea kwenye miti, Fossey alishikwa na woga mkubwa hata akaung'ang'ania mti wa hema kwa mikono miwili asije akamkimbilia mwenzake. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia hivyo. Basi huyo ndiye shujaa. Alikopa fedha, akakatwa mwili, akavuka bahari, na sasa anashikilia mti wa hema ili asikimbie. Muda si mrefu akaja mmoja wa Wakongomani wawili waliokuwa naye kambini, akamuuliza kwa Kiswahili kama anapenda maji moto. Fossey alikuwa amejifunza Kiswahili mwaka mzima, lakini dakika ile maneno yote yalimtoka. Akadhani anatishiwa. Akaangua kilio, akaingia hemani na kujifungia. Saa nzima ikapita ndipo akatoka, akaomba aambiwe tena polepole. Ni maji ya moto tu. Ya chai, au ya kuoga.

Vitabu na filamu vimesimulia kwamba mwanamke yule aliishi peke yake na gorila. Ninyi mnaosikia Kiswahili mmeshaona palipo na kasoro. Kulikuwa na mtu jikoni. Kulikuwa na mtu aliyechanja kuni zilizolowa mpaka zikawaka, akachemsha maji kwenye baridi ya mita elfu tatu, na kitu cha kwanza alichomfikiria mgeni ni kumpasha joto. Na msituni alikuwa naye Sanwekwe, mlinzi wa parke na mfuata nyayo hodari, ambaye alikuwa ameshafanya kazi na mtafiti George Schaller katika milima hiyohiyo, na ambaye mwaka 1963 ndiye aliyemfikisha Fossey kwa gorila wake wa kwanza. Fossey alipoanza kutafuta nyayo mwenyewe alizifuata kinyumenyume, akielekea gorila walikotoka badala ya walikokwenda, hadi Root akamrekebisha. Kazi yote ya kusoma majani yaliyokunjwa, kinyesi kilichopoa na kile ambacho bado kina mvuke, aliijifunzia katika msitu ambao Sanwekwe aliujua kabla yake.

Sisemi haya kumpunguzia sifa. Nasema kwa sababu kijana wa leo anayesoma habari zake kwenye simu anadhani upweke wa porini ni kitu ambacho mtu anakwenda nacho mwenyewe, mfukoni. Upweke huo hujengwa na watu. Wapo wanaobeba mizigo, wapo wanaojua njia, yupo anayejua siku utakayotakiwa kurudi. Ukiwaondoa hao, hakuna aliyebaki porini siku mbili akaandika chochote.

Miaka saba kabla ya Fossey, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, jambo hilo lilikuwa wazi zaidi. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall alishuka kwenye mchanga wa Gombe, kaskazini ya Kigoma, akiwa na miaka 26. Hakuwa msichana wa kitajiri. Alikuwa amehudumu hotelini kwao Uingereza ili apate nauli ya meli, akafika Kenya mwaka 1957, akawa katibu wa Leakey huyohuyo. Serikali ya kikoloni ilikataa katakata msichana Mzungu akae msituni peke yake. Basi mama yake, Vanne, akaja kukaa naye. Na mpishi akaja, na walinzi wa wanyama wakawekwa. Kabla hawajafika Gombe walikwama Kigoma kwa sababu ya sisi: Kongo ilikuwa imepata uhuru wiki mbili tu nyuma, Wabelgiji walikuwa wanavuka ziwa kwa mamia wakikimbia, na Jane na mama yake wakashirikishwa kuwaandalia mikate. Kazi ya kwanza ya msichana aliyekuja kuishi na sokwe ilikuwa kuwalisha wakimbizi waliotoka Kongo. Mimi huwa naifikiria sana picha hiyo.

Kisha likaja jambo ambalo vijana hawaambiwi. Miezi kadhaa hapakuwa na kitu. Sokwe walimwona kutoka mbali wakatoweka. Yeye na mama yake wakashikwa na malaria, wakalala hemani bila hata dawa. Fedha za utafiti zilikuwa za miezi michache tu. Kila alfajiri alipanda mlima, akakaa juu ya jiwe lilelile, amevaa nguo za rangi ileile, akitazama kwa darubini mpaka jua linazama. Tarehe 4 Novemba 1960 alimwona dume mmoja mwenye ndevu za kijivu, ambaye alimwita David Greybeard, akichomeka majani marefu katika kichuguu cha mchwa na kuyavuta yakiwa na mchwa, kisha anakula. Mnyama anatumia zana. Mpaka siku hiyo wataalamu walifundisha kwamba binadamu peke yake ndiye mtengeneza zana. Goodall aliendelea na kazi hiyo maisha yake yote, na alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, bado akisafiri kuhutubia.

Sasa, kwa nini? Majibu yanayotolewa mara nyingi hayaniridhishi. Wanasema watu hawa walichukia watu wenzao. Goodall hakuwachukia, alikuwa mwana wa mama yake mpaka kambini. Wanasema walikata tamaa ya mapenzi. Wangapi wamekata tamaa ya mapenzi hapa Goma na wako mtaani Birere wanauza simu? Wanasema walitafuta sifa. Mwenye kutafuta sifa hakai juu ya jiwe miezi mitatu akitazama kilima kisicho na kitu.

Naamini jibu liko kwenye lile jiwe. Starehe, jinsi tunavyoijua mjini, ina kasoro moja kubwa kwa kijana: haimdai kitu. Umeme ukiwepo, chakula kikiwepo, mshahara ukiingia, sehemu kubwa ya nafsi yake inakaa bila kazi, na kijana anaisikia ikikaa bila kazi. Mzazi anaona mtoto mwenye kila kitu. Mtoto anaona kwamba hata asipokuwepo, kila kitu kitaendelea vilevile. Halafu siku moja anakutana na jambo linalotaka macho yake yote, masikio yake yote, pua yake, subira yake, miguu yake, na linalomtaka sasa, kabla halijatoweka. Kwa Fossey ilikuwa ile harufu ya gorila mwaka 1963. Kwa wengine ni Mungu, na waumini mlioko hapa mnajua kwamba Yesu alikwenda nyikani na Mtume Muhammad alikwenda pango la Hira. Anayeondoka hivyo hakimbii starehe. Starehe imemshinda kwa udogo wake.

Ndiyo maana napenda kumpima kijana kwa kile anachokwenda kukitazama. Asipokuwa na cha kutazama, kuna hatari.

Mnaweza kuwa mmesikia habari za Christopher McCandless. Alimaliza chuo kikuu cha Emory, Marekani, mwaka 1990, akatoa akiba yake ya dola zipatazo 24,000 kwa shirika la kupambana na njaa, akawaacha wazazi bila kuwaaga, akazunguka nchi. Mwezi Aprili 1992 aliingia katika misitu ya Alaska akiwa na mchele, bunduki ndogo na vitabu, bila ramani ya maana. Akaishi ndani ya basi bovu lililotelekezwa. Mwezi Julai alitaka kurudi kwa watu, akakuta mto aliouvuka kwa miguu umefurika, akageuka. Mwezi Agosti akafa kwa njaa, akiwa na miaka 24. Mwendo mfupi tu kutoka pale alipogeukia palikuwa na kikapu cha chuma kinachoning'inia kwenye waya, ambacho watu wa huko walikitumia kuvukia mto huo. Hakukijua. Nimesoma wanaomwita mjinga na wanaomwita mtakatifu, na wote nadhani wanamkosea. Alikuwa na moyo safi na miguu yenye nguvu. Alichokosa ni Sanwekwe.

Wala hatuhitaji kwenda Alaska. Hapa hapa, katika mabonde madogo kati ya Lac Vert na ziwa Kivu, kuna mazuku. Wenyeji mnaijua: ile hewa nzito inayotoka chini kwenye mawe ya volkano na kujikusanya kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaanza. Haina rangi. Unamkuta mbuzi amelala, ndege amelala, nyoka amelala, na majani yako vizuri kabisa. Wakimbizi wa 1994 waliokuwa wageni na mahali hapa walifia humo. Mtoto wa Lac Vert anajua shimo gani haliingiwi kabla ya jua kupanda. Kijana anayependa ukimya, aliyetoka mjini na begi lake, angechagua palepale: pametulia, pana kivuli, hapana kelele. Ningependa kila anayetamani pori aanze kwa kumsikiliza mtoto huyo.

Niseme pia ukweli mwingine kuhusu Fossey, maana sifa isiyo na ukweli haimsaidii mtu. Mwezi Julai 1967, mamluki wa Jean Schramme walipoasi, askari wa Kongo walipanda Kabara wakamshusha. Alizuiliwa Rumangabo, yalipo makao makuu ya parke, kisha akatorokea Uganda, akafika Kisoro. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo alianzisha kambi yake ya Karisoke upande wa Rwanda, akakaa huko miaka 18. Aliwajua gorila mmojammoja kwa sura za pua zao. Dunia ilipoanza kuwajali gorila wa milima ni kwa kazi yake kwa sehemu kubwa: sensa ya mwaka 1981 iliwakuta 254 tu katika milima ya Virunga, na ile iliyotangazwa mwaka 2018 ikawakuta 604. Lakini kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi kuwatazama majirani zake wa kibinadamu kama maadui. Aliwakamata majangili na kuwaadhibu yeye mwenyewe, kwa ukali usio wa haki. Wale waliokuwa na njaa na wale waliokuwa wafanyabiashara wa mafuvu aliwaweka kapu moja. Mwishoni mwa Desemba 1985 aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake. Mimi naamini upweke ulimdhuru. Macho yaliyoweza kutofautisha pua za gorila mia moja yalishindwa kutofautisha jangili na mchunga ng'ombe. Anayekwenda porini ajue kwamba hatari hiyo ipo, na kwamba inakuja polepole, bila homa.

Gombe ilichukua njia nyingine, na iliichukua kwa sababu ya balaa. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wetu, wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila wa kule Fizi, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa wanatafiti Gombe. Waliachiliwa baada ya majadiliano marefu, lakini wageni wakaondolewa. Kwa desturi za wakati ule, kazi ingekufa. Haikufa hata siku moja. Waliobaki ni Watanzania, vijana wa vijiji vya kandokando ya ziwa, akina Hilali Matama na Eslom Mpongo, waliokuwa wameanza kama wasaidizi wa watafiti. Wakaendelea kupanda milima kila siku na kuandika habari za sokwe kwa Kiswahili: nani amekula nini, nani amemfuata nani, nani amezaa. Sehemu kubwa ya maarifa ambayo dunia inayo kuhusu vizazi vya sokwe wa Gombe iliandikwa kwanza katika lugha hii ninayosema nanyi. Vijana wale walikaa msituni miaka mingi kuliko mwanafunzi yeyote wa Ulaya. Jioni walirudi kwa wake zao na watoto wao. Hakuna aliyetengeneza filamu kwa ajili yao.

Hapo ndipo nataka tuwatazame vijana wetu wa Virunga. Parke hii ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, ya kwanza barani Afrika, na walinzi wake zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo kwa siku moja. Tarehe 10 Januari 2021 wengine sita, vijana watupu. Tarehe 11 Mei 2018, kwenye barabara ya kaskazini ya Goma, Rachel Masika Baraka, msichana wa miaka 25, aliuawa akiwalinda watalii wawili Waingereza waliotekwa nyara. Alikuwa mmoja wa wanawake wachache waliokubaliwa kuvaa sare ile.

Najua mtasema, hao walitafuta mshahara. Ndiyo, kazi ni kazi, na katika mji ambao mwenye diploma anasukuma chukudu ya mbao, mshahara si jambo dogo. Lakini mkate peke yake haumweki mtu kwenye mteremko wa Mikeno usiku wa mvua baada ya kuzika wenzake kumi na wawili. Mtazameni André Bauma wa Rumangabo. Mwaka 2007, wakati gorila walipokuwa wanapigwa risasi, kililetwa kitoto cha miezi miwili, Ndakasi, kilichokutwa kimeshikilia maiti ya mama yake. Bauma alivua shati, akakilaza kifuani pake usiku kucha ili kipate joto. Akakitunza miaka 14, akiwa mbali na nyumbani kwake sehemu kubwa ya muda huo, vita vikipita mlangoni. Mwezi Septemba 2021 Ndakasi alikufa mikononi mwake. Hakuna masharti ya kazi yanayomwambia mtu avue shati.

Wako pia wanaoingia parke kuchoma makaa. Nao ni vijana, nao wanalala msituni, na sisi sote tunapikia makaa yao. Siwaweki katika hesabu ya waliochagua. Wametumwa na majiko yetu.

Kitu kimoja zaidi kuhusu waliochagua ukimya. Mwaka 1954 Watrapisti walijenga monasteri huko Mokoto, katika Masisi, kwenye yale maziwa manne. Ni watu waliotoka duniani kwa nadhiri, waishi kwa sala, kazi za mikono na maneno machache. Mwezi Mei 1996 watu waliokuwa wanawindwa kwa sababu ya kabila lao walikimbilia kwao, na wauaji wakawafuata hadi ndani ya kuta za kanisa. Watawa wakapoteza nyumba yao, wakaja kuishi hapa jirani, Keshero, katikati ya makelele ya mji. Nawaheshimu kwa jambo moja hasa: siku ukimya wao ulipobishiwa hodi na wenye shida, waliufungua. Pori halina ukuta. Mahali popote utakapokwenda kuwa peke yako, ipo siku mtu atatokea kwenye njia akihitaji maji.

Wazazi, mtoto akija na kusema anataka kwenda kuishi mlimani, kusoma wanyama, kulinda msitu, au kusali, naomba msianze na mchungaji wa kumtoa pepo. Mkalisheni. Muulizeni anakwenda kutazama nini, na mwacheni aeleze mpaka achoke. Muulizeni nani atamfundisha njia, na jina la mtu huyo mlijue. Muulizeni siku gani asiporudi mwanze kumtafuta. Akiwa na majibu, mtoto wenu hajapotea.

Na akiwa ni binti, msimpe jibu tofauti. Serikali ya mkoloni ilimruhusu Jane kwa sharti la mama. Si sharti baya, ikiwa mama yupo tayari kupanda naye. Baya ni kumkatalia kwa sababu ya majirani watakavyosema, halafu kumwoza kwa mtu mwenye gari.

Nanyi vijana, milima ile leo haifikiki kwa amani, na sitawadanganya kwamba njia itafunguka kesho. Lakini Lac Vert mnayo. Maji yake yanabadilika rangi, na sijamwona kijana wa hapa akiandika kila asubuhi yana rangi gani, ndege gani wametua, mazuku imeua nini kwenye shimo lipi. Daftari ni la bei ndogo. Anayeweza kukaa hapa alfajiri mwaka mzima, na akatuletea daftari hilo limejaa, huyo nitampeleka mimi mwenyewe kwa walinzi wa Rumangabo siku barabara itakapofunguliwa. Nani ataanza? Naona mkono kule nyuma, dada yangu. Simama, utuambie jina lako.